Masomo ya Muziki ya Bure: Nasi Tuwe na Masharti Yetu

Mwezi huu tuzungumze juu ya masomo ya muziki yanayotolewa bure kwenye simu. Kwaya zetu, kuanzia Tanga mjini hadi Muheza na Pangani, zina vijana wanaojifunza nota na kinanda kwa njia hiyo. Ni jambo jema. Lakini cha bure nacho kina masharti yake, na sisi wazazi ndio tunaopaswa kuyasoma.

Tuwasimulie yaliyotupata. Binti yetu wa miaka 11 alijiandikisha katika huduma moja akidai ana miaka 18. Baada ya wiki chache mtu asiyemfahamu, aliyejiita mwalimu, alimwandikia ampelekee video akiimba peke yake chumbani, tena asimwambie mama. Mtoto akatuletea simu huku analia. Tulitamani kumchapa, ila tukajizuia, kwa sababu anayechapwa kwa kusema kweli, siku nyingine hasemi. Tulimshukuru, tukahifadhi ujumbe ule, tukafunga mawasiliano, kisha tukaenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mama aliye mbali na kituo anaweza kupiga 116, simu ya msaada kwa watoto, isiyo na malipo.

Tangu siku ile nyumbani tuna masharti haya:

1. Umri usemwe kweli. YouTube, kwa mfano, hutaka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi. Aliye chini ya hapo ajifunze pamoja na mzazi, kwa jina la mzazi.

2. Picha, shule na mtaa wa mtoto visiandikwe. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Namba ya siri ya fedha haitolewi kwa mtu yeyote.

3. Masomo yafanyike sebuleni, si chumbani. Video hula bando upesi, kwa hiyo atazame dakika 20, azime simu, aimbe alichojifunza.

4. Visikizi vya masikioni visizidi asilimia 60 ya sauti ya simu. Masikio yakivuma, apumzike. Yasipopoa, aende hospitali. Hospitalini tunajua kwamba usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi.

5. Nota za mtu zisirudufiwe bila ruhusa yake. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Tena tukumbuke kwamba njia ya do, re, mi tunayoimbia kwaya inatokana na kazi ya mwanamke, Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, aliyewafundisha watoto kuimba. Mchungaji John Curwen aliichukua njia yake katika miaka ya 1840 na kuibadilisha pasipo kumwomba kwanza. Leo wengi humtaja Curwen, na Glover husahauliwa.

6. Simu haichukui nafasi ya mwalimu wa kwaya. Simu haisikii kama sauti ya nne inazama, wala haimwulizi mtoto kwa nini leo amenyamaza.

Binti yetu hakuacha muziki. Kila jioni hukaa mezani na simu, nasi tukichambua mchicha pembeni, na sasa hata sisi tunazisoma nota kidogo. Mama, usiku huu kaa na mwanao, umwombe akuonyeshe anajifunza wapi, na nani humwandikia.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.