Msituite Vigeugeu

Mabosi wa kampuni za teknolojia hapa Nairobi wana wimbo mmoja: vijana hawakai. Eti ukimfundisha kazi leo, kesho ameshavuka Ngong Road kufuata elfu kumi zaidi. Eti hatuna uaminifu.

Wacha niwajibu. Nimeunda programu kwa miaka sita, katika kampuni nne. Ya kwanza ilinipa mkataba wa miezi mitatu. Ukaisha, nikapewa mwingine wa miezi mitatu, kisha mwingine. Sasa kati yangu na wao, nani hakutaka kukaa? Anayekukaribisha nyumbani huku ameshikilia mlango wazi asilalamike ukitoka.

Ya pili ilinipa simu ya zamu. Mfumo ukianguka saa nane usiku, ni mimi. Saa mbili asubuhi mkutanoni, ni mimi tena. Malipo ya usiku? "Sisi hapa ni familia." Kwani ni familia gani hiyo inayokukumbuka tu mtambo ukizima?

Ya tatu, kuomba likizo kulikuwa kama kuomba figo ya bosi. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi za likizo kila mwaka, kwa malipo kamili, na siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Hiyo si hisani.

Kuna watakaosema soko ni gumu, shukuru una kazi. Ni gumu, kweli. Lakini anayebaki kwa hofu ameshaondoka: mwili uko kwa dawati, akili iko LinkedIn.

Na msidhani tunajua kuhama tu. Mei 1, 2023, zaidi ya wafanyakazi 150 waliochuja maudhui ya Facebook, TikTok na ChatGPT walikutana papa hapa Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao.

Kampuni ya nne niko hadi leo, mwaka wa tatu huu. Mshahara si wa kujigamba. Ila mkataba ni wa kudumu, zamu ya usiku inalipwa na asubuhi yake nalala, na kiongozi wangu huketi nami kunifundisha. Kampuni mbili zimenipigia simu zikiwa na pesa zaidi. Nimezikataa.

Kwa hivyo mabosi, mkitaka kujua kwa nini vijana hawakai, anzeni kwa kusoma mikataba mnayotuandikia.