Magari ya umeme: Tusisahau waya wa ardhi

Mnamo Septemba 2023, Rais William Ruto aliwasili katika jumba la KICC, Nairobi, kuhudhuria Kongamano la Afrika kuhusu Tabianchi akiendesha kigari kidogo cha umeme. Miezi michache kabla ya hapo, bei maalumu ya umeme wa magari ilikuwa imeanza kutozwa: Sh16 kwa uniti, na Sh8 katika saa ambazo matumizi nchini ni madogo, hasa usiku. Awali, mwaka 2019, ushuru wa bidhaa kwa magari yanayotumia umeme pekee ulikuwa umepunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 10. Ni wazi kwamba serikali imekusudia kututoa katika petroli, na mimi siipingi safari hiyo.

Hata hivyo, katika shamrashamra zote hizi kuna swali ambalo halijaulizwa kwa uzito unaostahili. Umeme huo utaingia garini ukipitia ukuta wa nani, na ni nani atakayekuwa ameupima ukuta huo?

Sisi ni taifa la kununua magari yaliyokwisha kutumika Japani, na miongoni mwa yale ya umeme yanayotufikia kwa njia hiyo ni Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa Desemba 2010. Kebo ya kulichajia nyumbani huko Japani, kwa kawaida, ni ya volti 200 na ampea 15. Plagi yake haiingii katika soketi zetu. Basi mwenye gari humwita fundi wa mtaani, naye huikata plagi hiyo na kufunga nyingine ya pini tatu, ile ya ampea 13 tuijuayo sote. Taa ya gari ikiwaka, fundi hulipwa na kwenda zake. Watu husema kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Lifahamike kwamba kile kisanduku kilichomo katika kebo si chaja. Chaja yenyewe imo ndani ya gari. Kazi ya kisanduku ni kulinda na kuliarifu gari ni umeme kiasi gani linaruhusiwa kuvuta. Hufanya hivyo kwa waya mwembamba wa ishara, ambamo volti hupanda na kushuka mara 1,000 kwa sekunde, kati ya 12 juu ya sufuri na 12 chini yake. Sehemu ya muda ambao ishara iko juu, kwa asilimia, ikizidishwa kwa 0.6, ndiyo idadi ya ampea. Asilimia 25 ni ampea 15; asilimia 50 ni ampea 30. Mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kulipiga hesabu hilo.

Sasa tazama hatari ilipojificha. Fundi amebadilisha plagi, lakini ujumbe haukubadilika. Kisanduku kingali kinaliambia gari livute ampea 15, nayo plagi ni ya 13. Wala fyuzi haitatuokoa, kwa kuwa fyuzi ya ampea 13 haikatiki papo hapo kwa ziada ndogo kama hiyo. Inaweza kustahimili usiku kucha huku plagi ikichemka.

Birika la chai huchemka kwa dakika chache likazimwa. Gari halifanyi hivyo. Betri ya kilowati-saa 40, ikichajiwa kwa ampea 10 na volti 240, huhitaji takriban saa 17. Katika muda wote huo, skrubu iliyolegea yenye ukinzani wa omu 0.1 hutoa joto la wati 10. Mkondo ukifika ampea 15, joto huwa wati 22.5, na ukifika ampea 32 huwa wati 102. Hiyo ni sawa na kuifungia balbu ya zamani ya wati 100 ndani ya plagi, kisha familia nzima ikaenda kulala.

Lililo baya zaidi ni la waya wa ardhi. Katika nyumba nyingi za kupanga waya huu upo kwa jina tu. Soketi ina tundu la tatu, lakini nyuma yake hakuna fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini. Baadhi ya visanduku hutambua upungufu huo na kukataa kuchaji. Hapo ndipo hufanywa hila ya kuunganisha tundu la ardhi na waya wa nyutro ili kisanduku kidanganyike. Siku waya huo wa nyutro utakapokatika, bodi zima la gari litakuwa na volti 240. Gari limekaa juu ya mipira, halina habari. Mtoto aliyesimama pekupeku kwenye ua uliolowa mvua, akishika mlango, ndiye atakayekuwa waya wa ardhi.

Je, kazi hii yapaswa kupimwaje? Kwanza umeme ukiwa umezimwa: kuhakikisha waya wa ardhi haukukatika mahali popote, kutoka kichwa cha kebo hadi kwenye fimbo, kupima vihami kwa volti 500, gari na kisanduku vikiwa vimeondolewa, na kipimo kisipungue megaomu 1, na kuthibitisha kwamba waya wa moto na wa nyutro havikubadilishana nafasi. Baada ya hayo, umeme ukiwa umewashwa, hupimwa swichi ya kukata umeme unaovuja: kwa miliampea 30 sharti ikate kabla ya sekunde 0.3 kupita. Aidha, mkondo mnyoofu unaovuja kutoka garini unaweza kuipumbaza swichi ya kawaida, hivyo pahitajika kinga inayohisi hata miliampea 6 za mkondo huo. Kazi hii si ya kujaribiwa na kila mtu. Ni ya fundi mwenye leseni na vyombo vya kupimia.

Sheria tunazo. Mafundi wa umeme hupewa leseni za madaraja mbalimbali na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), ambayo mwaka 2023 ilitoa pia mwongozo kuhusu vituo vya kuchajia magari. Lakini mwongozo hauwezi kubisha hodi katika kila ploti. Wapo watakaosema kwamba kupima ni gharama ya bure. Nawauliza: aliyelipia gari na ushuru wake, anashindwaje kulipia saa mbili za fundi? Wala simlaumu fundi wa mtaani. Yeye hulipwa kwa kinachoonekana, na kupima hakuonekani. Afunguliwe mlango wa kupata mafunzo na leseni badala ya kufukuzwa.

Nanyi walimu mna sehemu yenu. Somo la umeme wa majumbani limo katika fizikia ya Kidato cha Nne kwa miaka mingi, na wanafunzi hukariri rangi za nyaya, wakapata alama zao, wakasahau. Ni wangapi waliowahi kupima chochote? Si lazima, wala haifai, kuchezea volti 240 darasani. Betri ya volti 12, balbu ya gari na kiungo kilicholegezwa makusudi vinatosha kumwonyesha mwanafunzi jinsi joto linavyozaliwa. Akishaliona kwa macho yake, hatakubali kazi isiyopimwa nyumbani kwao.

Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga. EPRA na idara husika zifanye cheti cha upimaji kuwa sharti kabla ya gari la kwanza kuchajiwa katika nyumba yoyote ya kupanga, na wenye nyumba wawajibishwe. Magari haya bado ni machache. Huu ndio wakati wa kuanza.