UCHAMBUZI: Mashine za ICU ni kazi bure bila wauguzi wa kutosha

Janga la Covid-19 lilipoingia nchini Machi 2020, mashine za kupumulia ndizo zilizotawala mazungumzo ya viongozi na wananchi. Magavana walihesabu mashine, Wizara ya Afya ikahesabu vitanda vya wagonjwa mahututi (ICU), nao wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta wakaunda mashine yao wenyewe.

Ni wachache waliouliza swali la pili: mgonjwa akishaunganishwa na mashine hiyo, nani atakayemtoa?

Swali hilo lina uzito kwa sababu mashine ya kupumulia haiponyi ugonjwa. Kazi yake ni kuyasaidia mapafu huku dawa na mwili vikipambana na maradhi. Kila siku ambayo mgonjwa anakaa nayo bila ya haja ina hatari zake. Mrija uliopitishwa kooni hugeuka njia ya viini vinavyoleta nimonia, misuli ya kupumua hudhoofika kwa kukosa kazi, nayo bili inayoisubiri familia huzidi kupanda.

Hata hivyo, haraka nayo haina baraka. Mrija ukitolewa kabla ya wakati, mgonjwa hushindwa kupumua na kulazimika kurejeshewa kwa dharura, tena akiwa mnyonge kuliko awali.

Baina ya kuchelewa na kuharakisha ndipo anaposimama muuguzi. Daktari huzuru wadi kisha akaenda kwa wagonjwa wengine, ilhali wauguzi hukaa kando ya kitanda usiku na mchana kwa zamu. Wao ndio huinua kichwa cha kitanda digrii 30 hadi 45 ili vya tumboni visiingie mapafuni, hufyonza makohozi, husafisha kinywa na kumgeuza mgonjwa.

Kazi ya kumwachisha mgonjwa mashine huanza kwa kupunguza au kusitisha dawa za usingizi kila siku, ikiwa hali yake inaruhusu, ili ionekane kama ataamka na kufuata maagizo. Akifaulu, msaada wa mashine hupunguzwa, naye huachwa apumue mwenyewe kwa kati ya dakika 30 na saa mbili. Muda wote huo muuguzi huchunguza kasi ya pumzi, mapigo ya moyo, kiwango cha oksijeni, jasho na wasiwasi usoni.

Aidha, mgonjwa huyo hawezi kusema kwa kuwa mrija umepita katikati ya nyuzi za sauti. Hofu pekee yaweza kuiharakisha pumzi yake na kulivuruga jaribio. Muuguzi anayemweleza kinachoendelea, akamshika mkono na kumpa ubao wa herufi, anatoa tiba kamili wala si hisani.

Manufaa ya utaratibu huu yamethibitishwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1996, ukihusisha wagonjwa 300, ulionyesha kwamba kuwapima wagonjwa kila siku na kuwajaribu kupumua wenyewe kulipunguza muda wao kwenye mashine kutoka siku sita hadi siku nne na nusu. Mwingine wa mwaka 2008, uliohusu wagonjwa 336, uliunganisha jaribio la kuamka na lile la kupumua. Kwa kila wagonjwa saba waliohudumiwa hivyo, maisha ya mmoja zaidi yaliokolewa katika kipindi cha mwaka mmoja. Hapakuhitajika dawa mpya wala mashine ya ajabu.

Kilichohitajika ni watu, na hapo ndipo penye tatizo. Muuguzi aliyeachiwa wagonjwa watatu au wanne wa mashine kwa zamu moja hathubutu kuwaamsha. Mgonjwa aliyelala hang'oi mrija, lakini aliyeamka anahitaji mtu wa kumtazama. Kwa hivyo dawa za usingizi huendelea kutiririka, si kwa kuwa mgonjwa anazihitaji, bali kwa sababu zimekuwa kibadala cha mfanyakazi ambaye hakuajiriwa.

Mradi wa kukodisha vifaa vya hospitali ulioanzishwa mwaka 2015 ulipaswa kuwa funzo. Kamati ya Seneti iliyouchunguza ilibaini mwaka 2020 kwamba baadhi ya vifaa vilikaa bila kutumika, ukosefu wa wataalamu ukiwa miongoni mwa sababu.

Wakati huohuo, Julai 2021, Kenya ilitia saini makubaliano ya kuwapeleka wahudumu wa afya Uingereza, nchi ambayo mwongozo wake unataka muuguzi mmoja kwa kila mgonjwa aliye kwenye mashine. Anayeondoka halaumiki. Mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017, uliodumu takriban miezi mitano, ulitangaza wazi malalamishi yao.

Wapo wanaohoji kwamba uamuzi wa kumtoa mgonjwa kwenye mashine ni wa daktari. Ni kweli. Lakini mwongozo ulioandikwa na kukubaliwa na pande zote humruhusu muuguzi kuanzisha majaribio asubuhi, ili daktari afikapo akute majibu tayari badala ya kupoteza siku nzima.

Kwa msingi huo, bajeti ya kila mashine inayonunuliwa na kaunti ingefaa kuandamana na ajira ya kudumu ya wauguzi wa kuihudumia, pamoja na nafasi za kusomea uuguzi wa wagonjwa mahututi, kozi inayotolewa na Chuo cha Mafunzo ya Utabibu (KMTC).

Gavana atakapokata utepe wa ICU nyingine mpya, wakazi wasitosheke na idadi ya vitanda. Na waulize ni wauguzi wangapi watakaokuwa zamu saa nane za usiku.