Mstaafu, Miguu na Daftari

Mtumishi wa umma wa Tanzania au Kenya akitimiza miaka 60 hukabidhi ofisi, huagwa kwa hotuba na kiinua mgongo, kisha nasaha humjia kutoka kila upande: fuga kuku, nunua bodaboda, jenga vyumba vya kupangisha. Nasaha hizo si mbaya, kwani tumbo halistaafu. Lakini katika washauri wote hao hatokei hata mmoja wa kumwambia kwamba wasaa alioupata, ambao hakuwa nao tangu siku alipoingia darasa la kwanza, waweza kutumiwa kwa safari ndefu ya miguu na kwa kuiandika safari hiyo. Mimi nashauri mambo hayo mawili kwa pamoja, wala sioni kuwa la kwanza latimia likikosa la pili.

Huko Japani alikuwako mfanyabiashara wa pombe ya mchele, jina lake Ino Tadataka, aliyezaliwa mwaka 1745, ambaye alipokaribia umri wa miaka 50 alimwachia mwanawe shughuli za nyumba, akahamia Edo, mji uitwao Tokyo hivi leo, akawa mwanafunzi wa elimu ya falaki kwa mwalimu aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 19. Hakuona haya kufunzwa na mtu wa rika la wanawe, na aonaye haya hiyo hataanza jambo jipya uzeeni. Mwaka 1800, akiwa na miaka 55, alishika njia kwenda kaskazini hadi kisiwa kiitwacho sasa Hokkaido, kwa gharama ambazo sehemu kubwa zilitoka mfukoni mwake. Alikuwa amezizoeza hatua zake zilingane, kila moja karibu sentimita 70, akawa akizihesabu mchana kutwa kandokando ya pwani. Na usiku, mbingu zikiwa safi, akipima kimo cha nyota ili aisahihishe hesabu ya mchana, na yote akiyatia katika maandishi. Safari ile ilichukua siku 180, na baada yake zilifuata nyingine hadi mwaka 1816, alipokuwa amekwisha kupita miaka 70. Alifariki mwaka 1818, na kifo chake kilifichwa mpaka wanafunzi wake walipoikamilisha mwaka 1821 ramani ya nchi nzima, ambayo nakala yake kubwa ilikuwa ya vipande 214. Laiti angalitembea tu, asingalikumbukwa ila na aila yake.

Linganisha habari hiyo na ya Emma Gatewood wa Marekani, mama wa watoto 11 aliyestahamili kipigo cha mume kwa miaka mingi kabla ya kuachana naye. Mwaka 1955, akiwa na miaka 67, aliwaambia wanawe kwamba anakwenda kutembea kidogo, akaondoka Georgia kwa njia ya milima ya Appalachian, na baada ya zaidi ya kilomita 3,200 akafika Maine, peke yake, na viatu vya turubai, na mfuko alioushona kwa mkono wake akiutupa begani, na pazia la bafuni la plastiki la kujikingia mvua. Waandishi wa habari waliomkuta njiani aliwaeleza waziwazi jinsi njia ilivyotupwa bila matunzo, na sauti yake ilisaidia kuifanya itazamwe upya. Alikuwa na shajara yake. Hata hivyo kitabu kilichoieneza habari yake duniani kiliandikwa na mtu mwingine, Ben Montgomery, kikatoka mwaka 2014, naye bibi amekwisha kufariki tangu mwaka 1973.

Msomaji wa Tabora au wa Voi ataniambia kwamba hizo ni habari za watu walioshiba. Kwamba kwetu kutembea ni dhiki, na mwanamke afuataye maji kila alfajiri hahitaji kuhimizwa. Na kwamba mtu mzima akionekana barabarani na mkoba mgongoni, hana bidhaa ya kuuza wala msiba wa kwenda, watu humdhania amefilisika. Hoja hiyo ina uzito, ila yaniunga mkono kuliko inavyonipinga. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, hata Ujiji, ilikanyagwa na maelfu ya wapagazi katika karne ya kumi na tisa, na kama si hadithi za nyumbani mwao, nani awajuaye? Tunayemsoma ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyeandika habari za maisha yake kwa Kiswahili katika uzee wake huko Unguja. Tunamsoma pia Selemani bin Mwenye Chande, ambaye safari yake ya bara imo katika kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1901. Maandishi yao ni hazina. Lakini Tippu Tip alikuwa tajiri wa pembe na wa watumwa, na aliyebeba pembe ile begani hakuacha ukurasa. Njia huwa ya aliyeiandika.

Kijana hutembea upesi kuliko mzee, ila hajui kilichokuwapo kabla yake. Mstaafu wa mashamba ya mkonge akitoka Tanga kwa miguu kwenda Korogwe ataonyesha korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, iliposimama, kambi za manamba zilipokuwa, na makabila yaliyolala humo. Mwingine apitaye hapo ataona majani tu. Basi mwenye azma na apime shinikizo la damu kwanza, aanze kwa masafa mafupi, atafute sahibu wa kufuatana naye, na kila afikapo apige hodi kwa mwenyekiti wa kijiji, au kwa sheha akiwa Unguja na Pemba. Jioni ileile, kabla usingizi haujamshinda, aandike. Asiandike kwamba mandhari yalipendeza. Aandike jina la kijiji kama wenyewe wanavyolitamka, maji yanatoka wapi na zamani yalitoka wapi, debe la mahindi ni kiasi gani, na ni nani aliyempa mkeka wa kulalia.

Wanawe watamkataza kwa huruma, wakimwambia, “Baba, pumzika,” ilhali kukaa kibarazani kuanzia asubuhi hadi magharibi ni ugonjwa unaokuja polepole. Wampe viatu vizuri na simu yenye chaji. Na sisi wenye magazeti tuna sehemu yetu: aghalabu mzee hupata nafasi kwetu siku ya tanzia, kwa picha ndogo na orodha ya vyeo alivyoshika. Tumpe safu yake angali hai, atuandikie aliyoyaona kwa macho na kuyafikia kwa miguu. Tukimlipa posho ya haki, tutakuwa tumenunua kwa bei ndogo habari ambayo hakuna mwandishi wetu kijana awezaye kuileta.