Kikokotoo hakimhusu mzee wa Basotu

JICHO LA MANYARA
Na Paulina Margwe

Tangu mifuko ya hifadhi ya jamii iunganishwe mwaka 2018, taifa limekesha likibishana juu ya kikokotoo cha mafao ya wastaafu. Mkupuo, yaani sehemu ya pensheni inayolipwa mara moja mtu anapostaafu, kwa watumishi waliokuwa mifuko ya PSPF na LAPF ulikuwa asilimia 50, Julai 2022 ukashushwa hadi 33, kisha bajeti ya 2024/25 ikaupandisha hadi 40. Walimu na wauguzi wa Mbulu na Hanang walikuwa na haki ya kupiga kelele. Ni jasho lao.

Lakini wazee wengi wa wilaya hizi hawamo katika hesabu hiyo. Aliyelima vitunguu saumu Bashay au kuchunga ng'ombe Basotu maisha yake yote hakuwa na mwajiri wa kumchangia. NSSF inapokea wanaojichangia wenyewe, ila mwenye miaka 75 achangie lini, ale lini? Kinachobaki ni ruzuku ya kaya maskini ya TASAF, nayo haitazami umri kwanza. Hutazama kama kaya ni maskini kuliko za jirani, na jibu hutoka kwenye mkutano wa kijiji na dodoso.

Hapo ndipo kanuni inapomkwaza mzee wetu. Desemba 3, 2023, tope la Mlima Hanang lilipoporomoka hadi Katesh, waliolala na mali waliamka hawana kitu. Orodha ya kaya maskini haiandikwi upya kila asubuhi. Na mwenye mtoto mjini huonekana anajiweza, hata kama mtoto huyo hatumi chochote.

Zanzibar walikata shauri Aprili 2016: mzee wa miaka 70 akaanza kulipwa Sh20,000 kwa mwezi, bila kuulizwa alichangia wapi wala ana mali gani. Kenya nayo mwaka 2018 ikawaingiza wa umri huo katika mpango wake wa ruzuku wa Inua Jamii. Bara tunaendelea kusubiri.

Nitaambiwa fedha hazitoshi. Basi tuanze na wenye miaka 80, tushuke kadiri mapato yanavyopanda. Kanuni ya umri ni nyepesi kusimamia, na haimwachii kiongozi wa kijiji nafasi ya kupendelea ndugu zake.

Ila iandikwe na mtu anayejua maisha ya vijiji kama Yaeda Chini, Mbulu. Mzee asiye na cheti cha kuzaliwa athibitishwe na wanarika wake mbele ya serikali ya kijiji. Asiye na simu alipwe mkononi, kijijini kwake, kwa alama ya kidole. Fedha zikipitia laini iliyosajiliwa kwa jina la mjukuu, mjukuu ndiye atakayekuwa mstaafu.

Wabunge wetu wa Mbulu na Hanang, bajeti ijayo msiishie kwenye asilimia za mkupuo. Mwambieni Waziri wa Fedha ataje mwaka ambao pensheni ya wazee wote itaanza Bara, na umri wa kuanzia. Akikwepa, mrudi mtueleze wenyewe kwenye mkutano wa hadhara.