Jino likivimbisha shingo, usingoje basi la Gulu

WAHENGA walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Hapa Juba msemo huo unafaa kusemwa juu ya jino. Mfanyabiashara wa Konyo Konyo akiumwa gego humeza vidonge viwili vya kutuliza maumivu na kurudi kwenye magunia yake ya maharage. Ukimuuliza, atakujibu kuwa atalishughulikia Gulu au Kampala, safari ijayo ya mzigo.

Mara nyingi safari hiyo hufika naye akiwa salama. Lakini kuna jino linalongoja safari na kuna jino lisilongoja hata kukuche. Asiyejua tofauti hiyo anaweza kupoteza maisha kwa ugonjwa aliouona ni wa kawaida.

Lawama si za mwananchi peke yake. Tangu Mkataba wa Amani wa Januari 2005, kisha uhuru wa Julai 2011 na vita vya Desemba 2013 na Julai 2016, fedha kidogo za afya zimekimbilia malaria, kipindupindu, surua na uzazi. Kinywa kimebaki mwisho wa foleni. Vita vilivyozuka Khartoum Aprili 2023 vikaleta mamia kwa maelfu ya watu kupitia Joda na Renk, na foleni ikazidi kurefuka.

Tatizo hili si letu tu. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria mwaka 2022 kuwa watu wapatao bilioni 3.5 duniani wana magonjwa ya kinywa. Kanda ya Afrika ina madaktari wa meno takriban watatu tu kwa kila watu 100,000, kama sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia.

Sasa tuangalie hatari inavyoingia. Jino huoza polepole hadi tundu linapofika kwenye kiini chake, na hapo maumivu huwa makali. Siku moja maumivu hayo hukoma ghafla. Mgonjwa humshukuru Mungu, kumbe kiini kimekufa na vijidudu vinashuka kwenye mzizi kutengeneza usaha ndani ya taya.

Hapo ndipo vidonge vya duka la dawa hudanganya wengi. Viuavijasumu hupunguza uvimbe kwa siku chache, lakini ndani ya jino lililokufa havifiki, kwa hiyo chimbuko hubaki palepale. Tiba ni kuutoa usaha, kisha kuling'oa jino au kutibu mzizi wake.

Dalili za kutongoja ni hizi: uvimbe ulioenea chini ya taya, shingoni au karibu na jicho, kinywa kugoma kufunguka, mate kumezeka kwa shida au kudondoka, ulimi kusukumwa juu na uvimbe ulio chini yake, sauti kubadilika, homa yenye kutetemeka, na pumzi kuwa nzito. Hata moja ikitokea pamoja na ugonjwa wa jino, hiyo ni dharura. Usaha ukishuka shingoni unaweza kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache.

Wakati huo usihangaike kumtafuta daktari wa meno. Tafuta hospitali yoyote yenye daktari, dripu na oksijeni. Aliye Juba aende Hospitali ya Mafunzo ya Juba usiku huohuo, na aliye mpakani aende Hospitali ya Nimule. Kutoka Juba hadi Nimule ni kilomita 192, na ukivuka Elegu bado kuna kama kilomita 100 kufika Gulu. Kwenye basi hakuna wa kukufungulia njia ya hewa. Mgonjwa akae wima, asilazwe chali.

Dharura ya pili inatoka barabarani. Abiria wa bodaboda asiye na kofia ngumu akianguka, mdomo hupata sehemu yake. Kama alipoteza fahamu, au meno ya juu na ya chini hayakutani tena, huenda kichwa au taya imeumia: hospitali kwanza. Kama ni jino la ukubwani limetoka zima, liokote kwa kushika upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Lisuuze kidogo bila kusugua, lirudishe kwenye tundu lake, kisha mgonjwa aume kitambaa safi. Ikishindikana, litie kwenye maziwa. Nafasi ya kulipona ni kubwa ndani ya nusu saa, na baada ya saa moja hupungua sana. Jino la utotoni lisirudishwe, maana huweza kuharibu linaloota chini yake.

Damu isiyokoma baada ya kung'oa hutulizwa kwa kuuma kitambaa safi kwa nguvu dakika 30, bila kuchungulia na bila kusukutua. Ikiendelea, nenda hospitali. Wapo pia wanaoweka aspirini au hata maji ya betri kwenye tundu la jino. Vyote huunguza fizi, na usaha hubaki ulipokuwa.

Kwa ndugu zetu wanaorejea na watoto waliodhoofu kwa njaa au waliotoka kuugua surua, tazameni fizi zao. Kidonda kinachotoa damu, harufu kali na shavu kuvimba vinaweza kuwa noma, ugonjwa unaokula uso na kuua wengi wasiotibiwa. WHO iliuingiza katika orodha ya magonjwa yaliyosahaulika Desemba 2023. Ukiwahiwa, hutibika kwa viuavijasumu, usafi wa kinywa na chakula bora.

Kwa upande wa serikali, jibu halihitaji hospitali kubwa. Kenya, Uganda na Tanzania zimekuwa zikifunza matabibu wa meno wa ngazi ya kati, ambao hung'oa, hutoa usaha na kuziba meno. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Mpaka uliofunguka kwa vitunguu na saruji unaweza kufunguka kwa matabibu hao, na kwa vijana wetu kwenda kusomea kazi hiyo. Koleo, sindano ya ganzi na chombo cha kuchemshia vifaa si mzigo mzito kwa hospitali ya kaunti.

Hadi hapo, mfanyabiashara ang'oe gego linalouma akiwa bado na nguvu za kuchagua siku. Shingo ikishavimba, siku ya kuchagua imekwisha.