Kupima Sukari Peke Yake Hakutoshi

Mgonjwa wa kisukari afikapo kliniki, swali la kwanza huwa moja: sukari imefika ngapi? Akipata jibu la kuridhisha, hurudi nyumbani na moyo mkunjufu. Lakini ni moyo huohuo ulio hatarini. Maradhi ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayowaua wengi wenye kisukari cha aina ya pili, na hatari yao ni takriban mara mbili ya mtu asiye na ugonjwa huo.

Sababu yake si siri. Sukari iliyozidi hudhuru kuta za mishipa; shinikizo la damu likipanda na mafuta yakaganda humo, njia ya damu huwa nyembamba. Tena kisukari cha muda mrefu hudhoofisha mishipa ya fahamu, hata mtu akapatwa na shambulio la moyo bila maumivu ya kifua. Huona pumzi zinambana na jasho linamtoka, akadhani ni homa tu.

Tuutazame Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ni zaidi ya kilomita 1,000. Ni kweli madaktari wa Taasisi hiyo huzuru mikoani, nasi twawapongeza. Hata hivyo, ziara haiwezi kushika nafasi ya zahanati. Moyo wa mkulima wa Karema au Mishamo utalindwa palepale kijijini, au hautalindwa kabisa.

Nao waweza kulindwa. Mwaka 2003 waganga wa Denmark walitoa matokeo ya utafiti wao kwa wagonjwa 160 wa kisukari cha aina ya pili ambao figo zao zilikwisha onyesha dalili za kudhurika. Nusu yao walitibiwa sukari, shinikizo la damu na mafuta kwa pamoja na kwa bidii, huku wakihimizwa kubadili chakula, kufanya mazoezi na kuacha sigara. Baada ya miaka ipatayo minane, hatari yao ya kupatwa na maradhi ya moyo na mishipa ilikuwa imepungua kwa karibu nusu, ikilinganishwa na wenzao waliopata matibabu ya kawaida.

Kwa hiyo wajibu wa viongozi ni bayana. Kila zahanati iwe na kipimo cha shinikizo la damu kinachofanya kazi, na kila mgonjwa wa kisukari apimwe kila ahudhuriapo. Dawa za kushusha shinikizo na mafuta zisikatike, maana dawa ya mwezi mmoja haimlindi mtu mwaka mzima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itapimwa kwa mambo kama haya. Na kwa kuwa Katavi hulima tumbaku, wakulima waambiwe bila kuficha kwamba zao linalowapa fedha ni adui mkubwa wa moyo wa mwenye kisukari akilivuta.

Msomaji wa Unguja au Pemba asidhani kwamba haya ni ya bara peke yake. Mgonjwa wa Micheweni naye huweza kulazimika kuvuka bahari kutafuta bingwa wa moyo. Bahari na reli ni vizuizi vya namna moja, na chai yetu ya sukari tele haijui mipaka.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi wa vijijini kuzunguka redio, wakajifunza kupambana na malaria na kuhara, kisha wakachimba vyoo kwa mikono yao. Maradhi ya leo yanadai ari ileile. Mwenye kisukari aulize mambo matatu kila aendapo kliniki: sukari yangu, shinikizo langu, mafuta yangu. Na Serikali ihakikishe kwamba yuko mtu wa kumjibu.